"Ni batri tu njo ilikufa": namna ya kukagua Datsun 240Z iliyolala uani

Ukikuta gari la zamani chini ya mwembe, matairi yamelala, majani yamefunika kioo cha mbele, muulize mwenyewe lina ugonjwa gani. Hapa Lubumbashi jibu ni lile lile, uwe Makomeno, Bel-Air au Katuba: "Iko muzima, papa. Ni batri tu njo ilikufa." Niliwahi kujibiwa hivyo kwa gari ambalo, nilipofunua boneti, halikuwa na injini ndani.

Usibishane naye. Itikia, kisha anzia kwenye betri hiyo hiyo. Kwenye gari ninalotaka kulizungumzia, betri inajua siri nyingi kuliko mwenye gari.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, lile la michezo lenye pua ndefu na viti viwili. Lilitoka Japani mwishoni mwa 1969 na likaundwa hadi 1973, kabla ya 260Z kushika nafasi yake. Wazee wanaopenda mbio wanalikumbuka kwa Safari Rally: Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mwaka 1971, na Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda nalo mwaka 1973, baada ya kulingana pointi na Datsun nyingine. Gari la ushindi wa 1971 lilikuwa jekundu lenye boneti jeusi, ndiyo maana mtu akipaka 240Z upya, rangi inayomjia kichwani ni hiyo. Usiilipie hata faranga moja.

Kabla ya hatua yenyewe, shika jambo hili. 240Z haina shasi ya peke yake kama pikapu. Bodi ndiyo shasi, na bati lake ni jembamba. Injini ni ngumu, tena ina ukoo mkubwa: injini za L zilifungwa kwenye Datsun 1600 na 180B, na ile ya silinda sita ikaingia mpaka kwenye Nissan Patrol. Kwa hiyo injini iliyokufa utaizika na kupata nyingine. Bodi iliyooza itakufilisi. Ndiyo sababu ninakagua bati kwanza na injini mwisho, hata muuzaji akinivuta namna gani nianze kwa kusikia mlio.

Vya kubeba

Ovaroli ya zamani na turubai la kulalia. Tochi ya kichwani. Bisibisi bapa yenye ncha butu. Sumaku ya spika ya redio iliyokufa, uifunge kitambaa isikwaruze rangi. Jeki na vigogo viwili vya mti, kwa sababu jeki peke yake imeua mafundi. Spana ya plagi, soketi kubwa ya kuzungushia kranki, oili robo lita, kipimo cha kompresheni kama unaweza kukiazima. Betri yako iliyochajiwa, galoni ya lita 5 ya petroli safi na kipande cha mpira. Kizima-moto pia, na hapo sitanii.

Beba na fimbo. Gari lililolala miaka mingi lina wenyeji wake: nyigu kwenye kioo cha pembeni, panya kwenye chujio la hewa, na mara mojamoja nyoka anayewafuata panya. Gonga kwanza, halafu ndipo uingize mkono.

Hatua ya kwanza: namba na karatasi

Fanya hivi ungali msafi. Fungua boneti, utazame ukuta unaotenga injini na kabini. Katikati pamegongwa namba ya shasi. Ikianza na HLS30, ni ya usukani wa kushoto: 240Z, au 280Z iliyokuja baadaye, nayo ilitumia herufi hizo hizo. HS30 ni ya usukani wa kulia. Ukikuta RLS30 au RS30, mbele yako kuna 260Z, hata kama nembo za pembeni zinasema 240. Nembo zinauzwa. S30 peke yake, bila herufi mbele, ni gari la soko la ndani la Japani, na hilo liliundwa na injini ya lita 2.

Namba ya injini imegongwa kwenye bloku, upande wa kulia, kwa nyuma, chini kidogo ya silinda hedi. Sugua kwa kitambaa chenye petroli mpaka isomeke. L24 ni injini ya asili, sentimita za ujazo 2,393. Ukisoma L28, mtu ameshabadilisha. Anayetaka gari la maonyesho atanuna na kudai punguzo. Mimi ningeichukua kwa furaha: ujazo ni 2,753, nguvu inaongezeka, na inakaa mahali pale pale bila kukata chuma. Lakini punguzo nitalidai pia.

Sasa karte roze, yaani karatasi ya uandikishaji wa gari. Linganisha namba herufi kwa herufi, usitazame tu kwamba "zinafanana". Gari la 1972 lililokaa mji huu limepita kwenye zairianisation ya 1973, serikali ilipowanyang'anya wageni mali zao, na uporaji wa 1991, na nyakati zote mbili magari yalibadilisha wenyewe bila mtu kuandika kitu. Kama ni la usukani wa kulia, huenda lilitoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Omba karatasi za forodha, na kabla hujatoa pesa nenda mwenyewe kwenye ofisi ya uandikishaji uulize kama watalipokea. Usimtume dalali akuulizie. Dalali anajua jibu unalotaka kulisikia.

Likiwa la urithi, omba kuonana na warithi wote wazima, siyo yule tu mwenye ufunguo. Mimi niliwahi kulipa amana kwa kijana mpole sana, na wiki mbili baadaye akanitokea kaka yake wa mama mwingine, karte roze mkononi. Gari sikulipata, na amana niliifuata miezi minne. Siku hizi naomba ukoo ukae, wakubaliane mbele yangu, kisha twende kwa notari pamoja.

Hatua ya pili: betri

Betri ya 240Z imekaa nyuma kwenye chumba cha injini, karibu na ukuta wa kabini, juu ya sahani ndogo ya bati. Betri ikichemka au ikipasuka, asidi inateremka. Inakula sahani, inashuka kwenye bati la ndani la madigadi, inafika kwenye boriti ya mbele inayobeba uzito wote, na ikichoka inaingia kwenye kona ya sakafu karibu na miguu ya abiria. Yote hayo yanatendeka kimyakimya, boneti limefungwa, na rangi ya nje bado inang'aa.

Gari moja la Makomeno lilinifundisha. Mama mjane alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akinitazama, mjukuu wake amesimama kando na ndoo. Nikachomoa betri. Chini yake palikuwa na unga mweupe na wa kijani, kama chokaa iliyomwagikiwa sabuni. Nikaupangusa kwa brashi. Bati likaonekana la kahawia, likiwa na matabaka kama mkate wa chapati. Nikaweka ncha ya bisibisi, nikasukuma kwa kidole gumba tu, bila nguvu. Ikazama mpaka kwenye mpini.

"Mwanangu, utatoboa motoka ya watu!"

"Hapana, mama. Hii ilikwisha kutoboka. Mimi nimeonyesha mlango tu."

Nikamwita mjukuu, nikampa tochi amulike kutoka juu, mimi nikalala chini. Nikauona mwanga ukipita kwenye sahani, ukipita kwenye bati la chini yake, ukatua kwenye shavu langu. Nikamwomba mama aje auone mwenyewe, kwa sababu bei haishuki kwa maneno ya fundi, inashuka kwa macho ya mwenye mali. Alikaa kimya kidogo, akasema marehemu alikuwa akiipanguza kila Jumapili. Naamini kabisa. Alipanguza juu.

Wewe fanya hivyo hivyo. Betri itoke, unga upanguswe, bisibisi ifanye kazi, tochi ipite. Ukikuta sahani tu imeoza na boriti chini yake ni ngumu, hiyo ni kazi ya mchomeleaji ya siku moja. Boriti ikibonyea, endelea na hatua inayofuata ukiwa na moyo mgumu zaidi.

Hatua ya tatu: lala chini

Chini ya gari kuna boriti mbili za bati lililokunjwa, zinatoka kwenye rejeta, zinapita pembeni mwa injini, moja kila upande, na kuendelea chini ya sakafu ya viti. Zipapase urefu wote. Boriti nzima inalia kavu ukiigonga kwa mpini wa bisibisi. Iliyooza inalia kama kopo lenye mchanga. Utakuta nyingi zimebonyezwa na jeki miaka ya nyuma, na mbonyeo peke yake si ugonjwa. Tazama kama kwenye mbonyeo bati limepasuka, maana hapo ndipo maji yalipoingilia.

Sakafu ina ujanja wake. Kiwandani walilaza mikeka ya lami juu ya bati kupunguza kelele. Maji yakipita kwenye mpira wa mlango yanaingia chini ya lami hiyo na hayatoki tena. Kwa hiyo inua zulia, kisha bonyeza lami kwa kidole gumba. Ikitoa mlio wa kuvunjika kama karanga kavu, chini yake kuna kutu. Kwa muuzaji itaonekana umepanda juu ya lami na kucheza, lakini wewe bonyeza kila kiganja.

Baada ya sakafu nenda kwenye vizingiti vya milango, hasa mwisho wa nyuma, pale kizingiti kinapokutana na upinde wa gurudumu. Sehemu hiyo inaoza kutoka ndani na kutokea nje, na ndiyo inayofichwa kwa mastiki, ule uji mzito wa kuzibia mashimo ya bodi, kuliko zote. Sumaku yako ianze hapo. Iteleze polepole. Ikishika, ikaachia, ikashika tena, umefika kwenye mastiki. Gonga kwa kifundo cha kidole: bati linalia, mastiki inakaa kimya. Mimi huweka alama kwa chaki kila mahali sumaku ilipoachia, na nikimaliza naliacha gari na chaki zake wakati wa mazungumzo ya bei.

Zungusha sumaku pia kwenye ukingo wa chini wa mlango wa nyuma, chini ya milango yote miwili, kwenye shimo la tairi la akiba, na sehemu ya madigadi ya mbele iliyo nyuma ya gurudumu. Kwenye shimo la tairi la akiba toa tairi kabisa. Nimekuta humo maji ya kufugia samaki.

Halafu jaribio ambalo nisingenunua bila kulifanya. Funga milango. Tazama nafasi kati ya mlango na bodi upande wa nyuma, uipime kwa kidole au kwa kadi. Weka jeki chini ya kizingiti, karibu na gurudumu la mbele, inua mpaka gurudumu liache ardhi, weka kigogo, upime tena. Bodi nzima haibadiliki, mlango unafunguka na kufunga kama kawaida. Bodi iliyochoka inajikunja: nafasi inabadilika, mlango unakwaruza au unagoma kufunguka. Na jeki yenyewe ikizama ndani ya kizingiti badala ya kuinua gari, shusha, futa mikono, shukuru kwa chai, uende zako. Kuna mengine.

Watu wa pwani wataniambia Lubumbashi hakuna chumvi, kwa hiyo kutu ni kidogo. Kuna ukweli ndani yake. Tatizo letu ni vumbi jekundu. Linajaa kila pembe, na mvua za kuanzia Novemba zinaligeuza udongo unaoshika unyevu wiki nzima. Mchwa nao hupandisha udongo wao kwenye gurudumu na kwenye kizingiti. Hawali chuma, ila wanakivika kanzu iliyolowa. Kila penye udongo wa mchwa, ubandue, ukague chini yake.

Hatua ya nne: ndoo ya maji

Mwezi wa saba kila gari linaonekana kavu. Muuzaji anayejua kazi yake huuza wakati wa kiangazi. Dawa yake ni ndoo.

Mbele ya kioo, chini ya wipa, kuna matundu ya kuingizia hewa. Majani ya mwembe na maua ya jakaranda yanaingia humo, yanaoza, yanaziba njia za kutokea maji. Toa majani kwa mkono, kisha mimina nusu ndoo taratibu. Maji yanatakiwa yatokee pande zote mbili, nyuma ya magurudumu ya mbele. Mwombe mtu akae ndani na tochi, aangalie chini ya dashibodi. Yakitokea upande mmoja tu, upande wa pili umeziba. Yakitokea miguuni pake, ukuta umetoboka, na kutengeneza hapo ni kutoa kioo, dashibodi na nusu ya nyaya. Nusu iliyobaki ya ndoo mimina juu ya mlango wa nyuma. Mpira wa mlango huo ukiwa umekufa, siyo maji tu yatakayoingia: ukiendesha, moshi wa ekzosi unavutwa kabini, na kichwa kitakuuma kabla hujafika Kipushi.

Hatua ya tano: injini, bila kuiwasha

Hapa ndipo shemeji wa mwenye gari anapotokea na betri ya teksi na nyaya mbili. "Tuiwashe, usikie." Kataa. Kataa kwa heshima, lakini kataa. Gari langu la kwanza nilikubali. Pete za pistoni zilikuwa zimeshikana na silinda kwa kutu nyepesi, kutu ya kuondolewa kwa oili na subira ya siku mbili. Stata ikazungusha kwa nguvu, kikasikika kitu kama msumari kwenye bati, na silinda moja ikachorwa mfereji ambao kucha iliuhisi. Injini iliyokuwa nzima saa nne asubuhi ilikuwa mbovu saa nne na robo.

Toa plagi zote sita, uzipange chini kwa mpangilio wake. Zina habari zako. Iliyo kavu na ya kahawia ni ya silinda nzuri. Nyeusi yenye mafuta, pete au sili za valvu zimechoka. Nyeusi kavu zote sita, mchanganyiko ulikuwa na petroli nyingi, na hapa kwetu jambo hilo lina sababu yake: mji uko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta iliyosetiwa pwani inamwaga petroli kupita kiasi. Hilo ni la kusawazisha tu. Mojawapo ikiwa na kutu nyekundu, maji yaliingia silinda hiyo.

Mimina oili kijiko kimoja kimoja kwenye kila tundu, ngoja kadiri unavyoweza, kisha zungusha kranki kwa soketi kwa mkono. Ikizunguka mizunguko miwili kamili bila kukwama, umeondoka na habari njema kuliko mlio wowote. Ikigoma, usiilazimishe kwa bomba refu. Andika "injini imeshikana" kwenye daftari, na bei ishuke kana kwamba injini haimo.

Kifuniko cha rejeta kina hadithi ya mji huu. Wengi wetu tunatia maji ya bomba. Bloku ya L24 ni chuma, silinda hedi ni aluminiamu, na maji matupu yanayolala humo miaka yanaitafuna aluminiamu kuzunguka njia za maji, pale pale gasketi inapokaa. Chovya kidole. Maji ya kijani au ya buluu, mwenye gari alikuwa mtu makini. Tope la kahawia, tegemea hedi ikashonwe na kusawazishwa. Utando wa mafuta juu yake, gasketi imekwenda. Fungua pia kifuniko cha oili: ukikuta ute mweupe kama uji wa mtoto, maji na oili vimekutana.

Kabureta ni mbili, Hitachi, za mtindo wa SU. Ingiza kidole upande wa chujio, inua pistoni ya ndani, uiachie. Inatakiwa ishuke yenyewe na kugonga "tak" laini. Ikikwama, mara nyingi ni uchafu. Ukiiinua ikapanda bila ukinzani wowote, oili ya kwenye kifuniko cha juu imekauka. Yote mawili ni kazi ya nusu saa, usiyakuze mbele ya muuzaji. Ukikuza madogo hatakuamini kwenye boriti.

Tangi ninalinusa. Petroli iliyozeeka inanuka kama rangi ya mafuta, na ukiisikia harufu hiyo usiruhusu hata tone lake lifike kwenye kabureta. Mulika kwa tochi, siyo kwa simu iliyokaribia kudondoka, na kiberiti kiwe mbali.

Hatua ya sita: kuwasha, kama umefika huku

Betri yako. Petroli yako kwenye galoni, mpira umeunganishwa kwenye pampu, tangi la gari limeachwa. Kizima-moto kimeshikwa na mtu asiyevuta sigara. Plagi zikiwa bado nje, zungusha kwa stata mpaka kipimo cha oili kiinuke. Hapo hapo pima kompresheni, silinda moja moja. Usihangaike na namba ya kitabuni, kimo cha mji kitaishusha kidogo. Linganisha zenyewe kwa zenyewe: ya chini kabisa isipungue asilimia 80 ya ile ya juu kabisa.

Rudisha plagi, mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4 kama mtu amechanganya nyaya, na amezichanganya. Ikiwaka, sikiliza mbele: mkwaruzo mfululizo ni mnyororo wa taimingi uliolegea. "Tiki-tiki" za juu ni valvu zinazohitaji kusetiwa, na hizo zisikutishe. Kishindo kizito cha chini kinachoongezeka ukikanyaga mafuta ni beringi za kranki. Zima.

Mengine, kwa haraka

Breki chukulia zimekufa hata kama kanyagio ni gumu. Diski za mbele, ngoma za nyuma, vyote vifunguliwe nyumbani. Matairi usijadili: namba nne mwishoni mwa maandishi ya DOT ni wiki na mwaka, na zikiwa tatu tu tairi liliundwa kabla ya 2000. Dashibodi imepasuka, zote zimepasuka kwa jua. Swichi ya taa ya usukani inabeba umeme wote wa taa za mbele na hupenda kuungua, basi iguse uone kama plastiki imeyeyuka.

Giaboksi ijaribu kwa mkono, hasa gia ya pili. Nyuma, kamata gurudumu, lizungushe mbele na nyuma: mlio wa "klonk" unatoka kwenye viungo vya shafti au kwenye mpira unaobeba difu. Kuna pini ndefu inayopita chini kwenye mkono wa gurudumu la nyuma. Ikikaa miaka inaganda ndani ya chuma chake, na kuitoa kumewaliza mafundi wenye nyundo kubwa kuliko yangu. Huwezi kuijaribu siku ya ukaguzi. Ihesabu kuwa imeganda.

Hatua ya mwisho: bei, na stoo

Usitaje bei ukiwa bado chini ya gari. Nawa mikono, kaa, andika siku za mchomeleaji kwa kila alama ya chaki, ziongeze nusu yake, kwa kuwa kutu unayoiona ni ndogo kuliko ile utakayoikuta. Ongeza usafiri wa vipuri: trimu, taa na mipira ya milango ya gari hili utaagiza Japani au Marekani, na mara nyingi usafiri unakula kuliko kipuri. Kilichobaki ndicho unachompa. Zungumza kwa dola, kama wote wafanyavyo, na umwonyeshe karatasi. Yule mama wa Makomeno aliisoma yote, akaniuliza "mchomeleaji ni nani?", nilipomtajia akacheka, akapunguza.

Mkishaelewana, kabla lori halijaja kulibeba, mwombe akufungulie stoo. Magari yaliyolala miaka huwa yamevuliwa vitu vidogo vidogo, na vitu hivyo havikwenda mbali. Ukiondoka bila kuviulizia, wiki ijayo vitakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa uzito. Stoo ya yule mama ilikuwa na magunia ya makaa, baiskeli isiyo na gurudumu, na nyuma kabisa, ndani ya karai lililotoboka, kulikuwa na jeki ya asili, vifuniko vinne vya rimu, kioo cha taa ya nyuma ya kushoto kisicho na ufa, na boksi la kadibodi lenye mwandiko wa marehemu. Ndani yake mlikuwa na sahani mpya ya betri, bado imepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Alikuwa anajua.